Breki Kwanza, Mafuta Baadaye: Bibi Shamba na Pikipiki Yake Ilagala

Siku mbili za kwanza ufunguo wa pikipiki ulikaa mfukoni mwa mwalimu. Mpwa wangu, bibi shamba aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa kata ya Ilagala, mkoani Kigoma, alifika uwanja wa mpira na kofia ngumu mpya, viatu vya kufunika kifundo cha mguu na hamu kubwa ya kupiga kiki. Akaambiwa asukume. Akasukuma goli hadi goli, vidole viwili juu ya breki ya mbele, na kila mwalimu alipopiga mluzi alitakiwa kukisimamisha chombo bila kukiangusha. Watoto waliokuja kutazama walicheka hadi wakachoka, wakaenda zao.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa bodaboda, mpole, asiye na maneno mengi. Mimi, mjomba mtu niliyekuja kumsaidia mtoto kuhamisha vyombo, nilidhani anavuta siku ili malipo yaongezeke. Nilikosea, na kosa lenyewe linafaa kuchambuliwa, kwa sababu nimeona watu wengi wakifundishwa pikipiki na sikumbuki mpangilio kama ule.

Njia ya kijiweni kila mtu anaijua. Mwenye chombo anakaa nyuma, mwanafunzi mbele: bana klachi, ingiza gia, achia taratibu, vuta mafuta. Pikipiki inaruka kama mbuzi aliyekatika kamba, inazima, inawashwa tena. Baada ya nusu saa mwanafunzi anakwenda. Baada ya wiki mbili anabeba abiria. Kusimama atajifunza siku ng'ombe watakapokatiza. Mimi nilifundishwa hivyo, na alama ya ekzosi ninayo hadi leo kwenye shavu la mguu wa kulia.

Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti ya ajali za pikipiki za Los Angeles, zaidi ya 900, zilizochunguzwa moja moja. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Tena hatari ilipowajia, wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi tairi likaserereka, ya mbele wakaigusa kidogo tu. Los Angeles ni mbali na mto Malagarasi unaopita Ilagala, lakini kaulize kijiwe chochote habari za breki ya mbele: utaambiwa hiyo inarusha mtu.

Inarusha kweli, ikibanwa kwa pupa. Chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi hukimbilia mbele, tairi la mbele hukandamizwa ardhini na la nyuma likabaki jepesi. Maana yake nguvu ya kusimama iko mbele, na anayeitegemea ya mguu peke yake anategemea tairi ambalo muda huohuo linapoteza mshiko. Mwalimu hakueleza haya kwa maneno. Alimwambia mpwa wangu abane kama anayekamua limau bila kutaka mbegu zitoke: anza kwa wepesi, subiri pikipiki iiname mbele kidogo, ndipo uongeze. Siku ya tatu injini ikawashwa, na zoezi lilikuwa lilelile, sasa kwa mwendo wa baiskeli. Kisha wa baiskeli iliyoshuka mlima.

Baadaye nilikaa na kalamu. Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde, na sekunde moja hupotea kwenye kushtuka tu. Ukichukua breki ya wastani kwenye changarawe kavu, unahitaji kama mita 17 nyingine. Jumla 28. Kwa kilomita 60 unapoteza mita 17 kabla hujabana chochote, kisha 39 hivi za breki: jumla mita 56, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mwendo umeongezeka kwa nusu, umbali umekuwa maradufu. Kijana yule hakupiga hesabu hiyo, ila alimtembeza mpwa wangu kwa hatua kutoka golini hadi duara la katikati akamwambia, "Dada, ng'ombe akiwa hapa na wewe ulikuwa unakimbia, umeshamgonga."

Zoezi lililonivutia zaidi lilikuwa la kuchelewa. Kijana mwingine alitembea na dumu la maji kichwani, mpwa wangu akiwa kando yake juu ya pikipiki, na mshindi ni atakayefika wa mwisho bila kugusa chini kwa mguu. Jaribu uone. Pikipiki ndogo ya sisi 125 ina kilo mia na zaidi, na mwendo wa miguu ndio unaoifanya iyumbe. Anayeweza kuituliza pale amekwisha kujua mambo matatu yasiyofundishika kwa mdomo: mahali klachi inapokamata, ambapo sauti ya injini inashuka na chombo kinaanza kuvuta, namna ya kuegemeza mguu kwenye breki ya nyuma huku injini ikivuta, ili cheni isilegee na kukaza kwa mishtuko, na mahali pa kuweka macho. Hili la macho lilimchukua siku nne. Akitazama tairi, anayumba. Akitazama jiwe, analiendea. Alipokubali kutazama mti ulioko ng'ambo ya uwanja, namba nane kuzunguka madumu mawili tupu ikatoka yenyewe.

Kona za mwendo mkubwa zina siri nyingine, ambayo waendeshaji wengi wanaifanya bila kuijua. Ukitaka kwenda kulia, unasukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo; usukani unageukia kushoto kwa kitambo, chombo kinalalia kulia, na kona inaanza. Wilbur Wright, aliyekuwa fundi baiskeli kabla ya kurusha ndege na nduguye mwaka 1903, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanakataje kona, asipate hata mmoja wa kueleza sawasawa. Mwalimu wetu naye hakuweza kueleza. Alisema tu, "Sukuma upande unaotaka kwenda," na hiyo inatosha kabisa.

Mpaka hapo ni uwanjani, na uwanja hauna mchanga. Vinjia vya kushuka ziwani vinao, na ndivyo bibi shamba atakavyopita. Mchangani silika inakuambia punguza mafuta, shusha miguu, bana breki. Yote matatu yanaangusha. Alifundishwa kuingia na gia ya pili, kuinuka kidogo juu ya vikanyagio ili pikipiki icheze chini yake, kurudisha uzito nyuma na kuacha usukani utikisike kwa uhuru huku mafuta yakibaki palepale. Alianguka mara mbili, taratibu, upande wa kushoto. Mwalimu hakumkimbilia. Alisubiri ainuke mwenyewe, azime, ainue chombo kwa kukipa mgongo na kusukuma kwa miguu, kisha arudie palepale.

Nadhani ujasiri wake ulianzia pale. Kabla ya siku hiyo aliogopa kuanguka kama jambo asilolijua. Baada yake alijua kuna vumbi na goti linalouma. Watu husema mwanafunzi apewe moyo kwanza, ujuzi utafuata. Nilichokiona Ilagala ni kinyume chake: moyo ulikuja baada ya mkono kujua kazi.

Sasa mzigo, maana Ilagala ni nchi ya michikichi. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Manne ni zaidi ya 70, na kwa kawaida hukaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Hapo usukani unakuwa mwepesi kama wa toroli. Kupanda mlima tairi la mbele linataka kunyanyuka, kwenye kona haling'ati, na breki ya mbele uliyoifanyia mazoezi wiki nzima inakosa kitu cha kukandamiza. Dumu lililojaa nusu ni baya zaidi, mafuta yanacheza ndani na kusukuma chombo wakati wewe umeshamaliza kona. Mwalimu alilifundisha hili kwa mifuko ya mchanga: mmoja, kisha miwili, kwanza karibu na kiti, kisha nyuma kabisa, ili mwanafunzi aisikie tofauti kiunoni mwake. Aliongeza jambo ambalo nisingelifikiria, kufuta vikanyagio na soli za viatu kila unapotoka kwenye mashine ya kukamulia. Mguu wenye mawese haukai kwenye breki.

Nina malalamiko mawili. Pikipiki ya mwalimu haikuwa na saiti mira hata moja, na kofia yake ngumu ilivaliwa na tangi. Mpwa wangu alijifunza kutazama mbele vizuri sana na nyuma karibu bure. Siku ya kwanza barabarani kuelekea Simbo, lori lilimpita likamwachia ukuta wa vumbi, na hakujua lilikotokea. Alifanya sahihi, akapunguza taratibu, akabaki kushoto, lakini zoezi la kupitwa lilipaswa kuwapo kabla. Pili, hakuna aliyemtajia leseni hadi nilipouliza. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi sisi 125, A ni la zaidi ya hapo, na kuendesha chombo cha kazi hakumwondolei mtu wajibu wa kujifunza kwa kibali na kupimwa.

Pikipiki za kazi kama ya mpwa wangu zilikuja kwa sababu. Tangu 2018 serikali imeutaka mkoa wa Kigoma ufufue michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikazalisha mbegu ya tenera yenye mafuta mengi kuliko ya asili, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Mbegu bora bila mtu wa kumfikia mkulima ng'ambo ya mto ni magunia ghalani tu.

Ng'ambo ndiko alikokwenda safari yake ya kwanza ya kazi, na miche minne ya tenera kwenye viriba, imefungwa kwa mpira mbele kabisa ya keria, karibu na mgongo wake. Kwenye kivuko cha Ilagala kwenda Kajeje mteremko wa kuingilia ulikuwa na maji, na bodaboda wawili walishuka nao wakiwa wamewasha, miguu ikiburuzika. Yeye alizima, akashuka, akaacha gia ya kwanza ndani ili klachi imsaidie kushika, vidole viwili juu ya breki ya mbele, akasukuma. Nyuma mtu alipaza sauti, "Bibi shamba, washa bwana, tunachelewa!" Hakugeuka. Mche mmoja ulikuwa umelala, akaufunga upya kabla kivuko hakijaondoka.