Kibuyu cha Shadow Man

Kijana wa Msowero akilicheza gemu la Shadow Man kwa mara ya kwanza, mizuka haitamshtua sana. Mizuka ya kwenye skrini ameshaizoea. Kitakachomsimamisha ni kibuyu, maana shujaa anakiokota na kukitumia kama silaha, na kibuyu huku Kilosa ni kitu cha nyumbani. Mmumunye unaachwa ukauke mpaka mbegu zinalia ndani ukiutikisa, unatobolewa, unakombwa, unasuguliwa. Baada ya hapo ni wa maji, wa pombe, au unazibwa mdomo na kuhamia kwa mganga. Waliokiunda kile cha kwenye gemu walikuwa mafundi wa Acclaim Studios Teesside, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na mwaka ulikuwa 1999. Kazi yao nimeitazama kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyowavulia kofia.

Ilianzia kwenye karatasi. Mwaka 1992 kampuni ya Valiant ya Marekani ilimtoa Shadowman wa kwanza, Jack Boniface, mpiga saksafoni wa New Orleans anayepambana na viumbe wa giza usiku. Miaka miwili baadaye Acclaim, watengenezaji wa magemu, wakainunua Valiant, na mwaka 1997 mhusika akasukwa upya. Mwandishi alikuwa Garth Ennis wa Ireland ya Kaskazini, mchoraji Ashley Wood wa Australia. Shujaa mpya ni Michael LeRoi, aliyepachikwa barakoa ya vivuli kifuani na Mama Nettie, kuhani wa kike wa voodoo. Sisi tuliokuzwa na jarida la katuni la Sani hatushangai mhusika kuhama mikono. Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986, lakini wahusika wake Kipepe na Ndumilakuwili waliendelea kutembea kwa kalamu za wengine.

Kitabu cha katuni cha aina hii kwa kawaida hupita kwa watu kadhaa. Mmoja anaandika hadithi, mwingine anachora kwa penseli, wa tatu anapitisha wino, wa nne anatia rangi, na wa mwisho anaandika maneno ndani ya viputo. Wood hakuwa mtu wa kufuata mstari wa penseli kwa utii. Anamwaga weusi kwanza, nusu ya uso inazama, bega linapotelea kwenye giza la nyuma yake. Kisha, pale ambapo macho yako yamekata tamaa, anapitisha uzi mwembamba wa wino: ukingo wa taya, mfupa wa kidole. Hapo mtu mzima anajitokeza. Ugumu uko katika kujua pa kuachia. Weusi ukishakauka haurudi, na mchoraji mwenye pupa angeongeza mistari mpaka kitisho kiishe.

Sasa mpe fundi wa gemu ukurasa huo. Karatasi ina haki ya kuficha, lakini gemu halina, kwa sababu mchezaji atamzunguka shujaa, atamtazama mgongoni, atamwinamia miguuni. Kila kilichozama kwenye wino wa Wood lazima kiamuliwe sasa. Mwili unajengwa kwa pembetatu ndogo zinazounganishwa kingo kwa kingo, na pembetatu zina bajeti. Ukizijaza usoni, zinapungua gotini, na goti lenye pembetatu chache likikunjwa huvunjika kama karatasi ngumu. Fundi hodari anazipeleka kwenye viungo, anaacha kifua na mapaja yakiwa mapana na matupu, halafu anaikabidhi ngozi kazi ya kudanganya macho.

Ngozi hiyo ndiyo iliyonifanya niheshimu kazi hii kuliko kitu kingine. Nintendo 64, mojawapo ya mashine zilizolibeba gemu hili, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, au 8 ukiiongezea kifaa chake cha ziada. Lakini sehemu ya kushikilia picha inayopakwa juu ya pembetatu, kwa wakati mmoja, ilikuwa kilobaiti 4 tu. Ukitumia rangi za biti 16, picha ya vidoa 64 kwa 32 inaijaza yote. Hebu vihesabu: ni vidoa 2,048, na ndani yake uingize kutu, damu iliyokauka, nyufa za ukuta, mshono wa ngozi. Mchoraji anaweka kidoa kimoja kimoja, kama msuka mkeka anayejua ukili wa rangi utaibukia wapi kabla hajaufikia. Picha lazima ikirudiwa mara kumi ukutani isionyeshe ilipoungwa. Kisha pembe za pembetatu zenyewe zinatiwa rangi, hapa giza, pale mwanga wa mwenge, ili kipande kilekile cha ukuta kionekane kipya kila unapogeuka.

Na vifaa? Hapo walifanya kazi ya shule. Asson ni manyanga halisi ya makuhani wa voodoo huko Haiti: kibuyu kilichovishwa wavu wa shanga na pingili za uti wa mgongo wa nyoka. Govi ni vyungu vya udongo vya kuhifadhia roho, na ndani ya gemu ndivyo vinavyofungia roho za giza, jumla yake 120, ambazo LeRoi anazisaka. Flambeau ni mwenge. Majina hayakubuniwa ili kupamba. Ila nina neno. Kibuyu chao kinarushwa na kulipuka, na sijui mganga hata mmoja wa Ukaguru wala Usagara anayeweza kutupa tunguri lake akabaki na heshima. Voodoo ni dini yenye mizizi Benin na Kongo, na Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003. Kuigeuza ghala la silaha ni jeuri ya soko. Walichora vyombo kwa uaminifu kuliko walivyoeleza imani.

Sauti ni ya Tim Haywood, na yeye hana haraka. Ukiingia Asylum, jengo kubwa la adui aitwaye Legion, weka rimoti chini usikilize. Kuna chuma kinachosaga mbali, kuna mtoto analia, halafu kimya, halafu kilio kilekile tena. Hakuna kinachokurukia. Wachora ramani nao wana subira hiyohiyo: unakutana na mlango usioweza kuufungua, unauacha, unazunguka nchi nzima ya wafu ukikusanya roho, unarudi ukiwa na nguvu za kuufungua, na wakati huo umeshaujua kila ufa wake. Wachezaji wengine huona hilo linachosha. Mimi naona ni heshima kwa kazi ya mchora ukuta.

Gemu la pili lilitoka mwaka 2002 kwa PlayStation 2, lina picha safi zaidi na halinigusi. Mwaka huohuo studio ya Teesside ilifungwa, na Acclaim yenyewe ikafilisika mwaka 2004. Kwa kawaida huo ndio mwisho. Lakini mafundi wa Nightdive Studios wa Marekani wakalifumua gemu la 1999, wakalihamishia kwenye injini yao ya KEX, wakatoa toleo jipya mwaka 2021. Walisafisha picha bila kuzifuta, wakarudisha na maeneo yaliyokatwa wakati wa utengenezaji wa kwanza. Kurekebisha kazi ya fundi mwingine bila kumfunika ni ufundi wa peke yake, na hawa wanaujua.

Ukitaka kulicheza, anza na hilo la 2021. La PlayStation ya kwanza liache, lilipunguzwa mno. Na kama wewe ni mchora katuni hapa nchini na una manyanga au tunguri kwenye hadithi yako, nenda kwa mwenye chombo hicho, omba ruhusa, ukae ukichore kutoka pande zote kabla hujampa shujaa wako akishike.