Chupa ya Chai Jangwani

Chupa ya chai ikianguka na kuvunjika ndipo tunapoona siri yake: kioo cha kuta mbili, na katikati hamna kitu, hata hewa. Joto halina pa kupitia. Aliyeielewa chupa hiyo ameshaelewa nusu ya mitambo ya Noor, iliyoko Ouarzazate, kusini mwa milima ya Atlas nchini Moroko.

Pale, mitindo miwili ya kufua umeme kwa joto la jua imejengwa jirani kwa jirani. Noor I, ya megawati 160, iliyozinduliwa mwaka 2016, na Noor II, ya megawati 200, zina vioo vilivyopinda kama hori la ng'ombe, safu baada ya safu. Noor III, ya megawati 150, ni mnara wa mita 250 hivi uliozungukwa na vioo 7,400. Mwenye haraka atauliza upi ni bora. Mwenye subira atatazama kila mmoja umekubali taabu gani.

Tuanze na hori. Mpindo wake hukusanya miali yote kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo lilipo bomba la chuma lenye mafuta. Hori hulifuata jua kwa kuinamia upande mmoja asubuhi na mwingine jioni, basi. Ufundi uko kwenye bomba. Limevikwa kioo, na hewa ya katikati imenyonywa: ni chupa ya chai ile ile, ila kila kipande kina mita nne, na vimeungwa kwa maelfu. Chuma cha mita nne kikipata moto hurefuka zaidi ya sentimita mbili. Kioo hakirefuki kiasi hicho. Kwa hiyo vinapokutana huwekwa chuma chembamba chenye mikunjo kama ya kodiani, kinachotanuka mchana na kusinyaa usiku, mwaka nenda mwaka rudi.

Na kuna doa. Ndani ya kioo hupakwa bariamu kidogo, inayong'aa kama fedha. Hewa ikipenya, doa hugeuka jeupe. Fundi akipita kati ya safu hahitaji kipimo chochote. Jicho tu linamwambia ni chupa ipi imeanza kuvuja joto.

Kikomo cha hori ni mafuta yake, ambayo huharibika yakizidi nyuzi 400 hivi, kwa hiyo huishia nyuzi 393. Yanapoihamishia joto chumvi iliyoyeyuka, inayotunzwa ghalani kwa ajili ya usiku, huipandisha kwa nyuzi mia moja tu hivi. Mnara hauna mafuta. Chumvi yenyewe hupanda hadi juu, ambako vioo vyote huelekeza miali, ikiwa na nyuzi 290 na kushuka ikiwa na 565. Hesabu ni nyepesi: kila kilo ya chumvi ya mnara hubeba joto karibu mara tatu. Tena mvuke wake ni mkali zaidi, na joto lile lile hutoa umeme mwingi zaidi. Hili si jambo dogo, maana mchana paneli za kawaida huuza umeme kwa bei rahisi; mitambo hii inaishi kwa kuuza usiku. Noor I hutunza joto la saa tatu, wenzake la saa saba hivi.

Ila mnara nao una deni lake. Hakuna vioo viwili vyenye pembe moja, na kila kimoja lazima kigeuke pande zote mbili. Kikikosea kidogo, mwali wake unapita kando ya mnara na kupotelea hewani. Chumvi nayo ina taabu zake. Mwaka 2024 tangi la chumvi ya moto lilivuja, na mnara ukasimama. Na chumvi ikikaribia nyuzi 220 huanza kuganda, ikaziba mabomba. Ndiyo maana jioni hushushwa yote kutoka juu. Asubuhi haipandishwi papo hapo: vioo vichache hugeuzwa kwanza kuyapasha mabomba yakiwa matupu, mpaka yawe tayari kuipokea.

Mama yeyote anayejua chai hufanya hivyo. Kabla ya kumimina, husuuza chupa kwa maji ya moto.