Sakafu Zinazofuata Kivuli

Mtu akinunua kiwanja cha mteremko Goba, Kimara au Mbezi ya juu, hapungukiwi na washauri. Kata mlima, anaambiwa, jaza bonde, jenga ukuta wa kuzuia udongo, kisha tandaza vitofali vya pevingi mpaka kwenye uzio. Nyua nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kwa ushauri huo. Uani unakuwa tambarare, unafagilika, na gari linageuka bila shida. Ila saa saba mchana hapakanyagiki bila ndala, na jua likishazama vitofali vinaendelea kutema joto vililolimeza tangu asubuhi. Maji ya masika nayo, yaliyokuwa yakinywewa na udongo, yanateremka kwa jirani wa chini, na maneno yanaanza.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa ni wa aina nyingine. Ni seremala anayeuacha mteremko ulivyo, akaweka juu yake sakafu za mbao mbili au tatu, moja chini ya nyingine, zilizounganishwa kwa vipandio. Wengi huihesabu kazi hiyo kuwa pambo la hoteli za ufukweni. Mimi naiweka miongoni mwa kazi za mikono zenye akili nyingi kabisa katika nchi ya joto, kwa sababu fundi huyo akijua kazi yake, anachomjengea mwenye nyumba ni ratiba ya siku. Kila sakafu ina saa zake.

Chukua uani ulio magharibi mwa nyumba, ardhi ikiinama kuelekea machweo, na mwembe mkubwa umesimama chini kabisa. Asubuhi kivuli cha nyumba yenyewe kinalala upande huo. Sakafu ya juu, inayopakana na mlango wa jikoni, inabaki na ubaridi wake mpaka adhuhuri inapokaribia. Hapo ndipo pa chai, pa kuchambulia mchele, pa mtoto kumalizia hesabu alizopewa shuleni. Jua likifika utosini kivuli cha nyumba kinakwisha, na penye nafuu panabaki mahali pamoja tu, chini ya mwembe, yaani sakafu ya chini. Baada ya hapo jua linahamia magharibi na kivuli cha mwembe kinaanza kupanda mlima. Kufikia saa tisa kimeshatandaa kwenye sakafu ya kati, na saa ya magharibi watu wamekwisha kurudi juu walikoanzia. Familia inashuka na kupanda pamoja na kivuli, na feni inabaki ndani.

Ratiba hiyo haisomeki kwa kupita mara moja. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba inapokaribia katikati. Mwezi Juni huwa limeegemea kaskazini kiasi cha nyuzi 30. Desemba limehamia upande wa kusini. Fundi hana haja ya kuzitaja nyuzi hizo. Inamtosha kujua kwamba wakati wa kipupwe kivuli cha saa sita huangukia kusini mwa shina, na wakati wa Krismasi huangukia kaskazini, hivyo sakafu ya chini ataipanua pande zote mbili za mti. Anazijua na pepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na katika uani huu pepo zote mbili zinakingwa na nyumba, zikipata njia kwenye pembe zake tu. Pembe hizo hatazizibia ukuta. Ataweka kizuizi cha fito nyembamba zilizosimama, mtoto asianguke na upepo upite.

Wazo la kupandisha sakafu hatua kwa hatua tumelirithi. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, mtu alitoka kiwandani, yaani uani, akapanda msana wa tini, ukumbi wa chini, akapanda tena msana wa yuu, ukumbi wa juu, ndipo akafika ndani, na kila hatua iliinuka kidogo kuliko iliyotangulia. Kule kimo cha sakafu kilikuwa lugha ya sitara: kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyokaribishwa ndani ya familia. Huko Rufiji nako, wakulima wa mpunga wamejenga dungu tangu zamani, kibanda juu ya nguzo ambamo mlinzi wa shamba alikuwa salama na mafuriko na nguruwe, huku hewa ikipita chini yake usiku kucha. Seremala wa Goba anapoinua mbao zake juu ya nguzo anachukua mvungu wa dungu na hatua za Lamu, hata kama hajafika kokote kati ya huko.

Kazi yenyewe inaanza kwa vigingi, uzi na mpira wa maji. Mpira huu ni mrija mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, mita kumi au zaidi, uliojazwa maji mpaka karibu na midomo yote miwili. Kijana anashikilia ncha moja kwenye alama ya nguzo ya kwanza, karibu na ukuta wa nyumba. Fundi anateremka na ncha ya pili mpaka kwenye nguzo ya mbali, anaubana mpira kwenye mbao, na wote wawili wanakodoa macho. Maji yanapanda, yanashuka, yanasita. “Bado. Inua kidogo. Ngoja yatulie.” Yakitulia, fundi anachora mstari kwa penseli aliyoitoa nyuma ya sikio, na mstari huo uko kimo kilekile na ule wa juu, ijapokuwa kati yao ardhi imeanguka karibu mita moja. Kuna jambo moja analolichunga mno: kipovu. Hewa ikibaki ndani ya mpira, maji yanasema uongo, na sakafu nzima italala upande. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote anaupigapiga mpira kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pembe mraba anaipata kwa futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na ulalo wa futi 5 kamili. Hesabu hiyo haihitaji chombo zaidi ya futikamba.

Nguzo zinataka fundi anayemfahamu mchwa. Mbao ikigusa udongo, mchwa ataingilia chini na kuila kwa ndani, na mwenye nyumba atashtuka siku inapokatika. Kwa hiyo kila nguzo inasimama juu ya kitako cha zege kilichoinuka shibiri moja kutoka ardhini, nayo imeshikwa na kikombe cha chuma kinachoiacha mbao bila kugusana na zege. Zege halimzuii mchwa. Linamlazimisha apite hadharani. Atapandisha mfereji wake wa udongo juu ya kile kitako, mtu mwenye fagio atauona, ataukwangua, na vita vitaishia hapo. Ulinzi wote umewekwa kwenye shibiri moja ya uwazi na jicho la anayefagia.

Halafu mbao. Kwa nguzo na mihimili, fundi asiyetaka kumfilisi mteja atatumia mikaratusi au paini iliyotiwa dawa. Kwa sakafu yenyewe, mkono wake unakwenda kwenye msaji, na bahati yetu ni kwamba msaji unalimwa hapahapa nchini, katika mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Msaji una mafuta yake ya asili na unavumilia jua na mvua. Ukiachwa bila kupakwa chochote unapoteza rangi yake ya kahawia na kugeuka rangi ya fedha, na hapo haujaharibika hata kidogo. Mvule nao ni imara, ila una tabia ya kuficha mawe: madini magumu yanayojijenga ndani ya shina na kung’oa meno ya msumeno bila taarifa.

Kila ubao unachunguzwa kichwani, pale msumeno ulipoukata, ambapo miviringo ya ukuaji inaonekana. Mbao ikikauka haipungui urefu kwa kiasi cha kujali. Inapungua upana, na upande unaoelekea gome unasinyaa zaidi kuliko upande wa kiini. Kingo kwa hiyo hujikunja kuelekea gome. Fundi anageuza ubao, anauangalia tena, anaamua upande upi utatazama juu ili ukijikunja usije ukatega maji. Anaulaza, na kati yake na mwenzake anasimamisha msumari wa inchi nne, ambao unene wake unakaribia milimita 5. Akishakaza skrubu anauchomoa msumari na kuupeleka kwenye mwanya unaofuata. Msumari huohuo unapima uani mzima. Mwanya huo unapitisha maji, unapitisha upepo kutoka mvunguni, na unaipa mbao nafasi ya kutanuka masika yakija. Kama mbao ni mbichi bado, fundi anabana zaidi kidogo, maana jua la Januari litaupanua mwanya lenyewe. Kuzunguka shina la mwembe anaacha nafasi kubwa kuliko zote. Mti utanenepa, na siku ya upepo mkali utayumba, na sakafu haina haki ya kuuzuia.

Vipandio ndivyo vinavyomfunua fundi mvivu. Mguu hukariri kimo cha hatua ya kwanza na kukitarajia kwenye zote. Hatua moja ikizidi hata kwa sentimita mbili, bibi atajikwaa usiku umeme ukikatika. Pale ardhi inaporuhusu, fundi mwenye busara anagawa mteremko kwa hatua za sentimita 15, tatu kutoka sakafu hadi sakafu. Jumla yake ni sentimita 45, na hicho ni kimo cha kiti. Ukingo wote wa sakafu ya juu unageuka kuwa baraza kwa aliye sakafu ya chini yake. Wageni kumi wanaweza kuketi bila kiti kimoja kutolewa ndani, na hakuna ubao wa ziada ulionunuliwa kwa ajili hiyo.

Mwishoni huja mabishano ya rangi.

“Fundi, nataka nyeusi-nyeusi, ing’ae.”

“Sawa mama, rangi ni yako. Lakini mchana ndala hazitatoka miguuni.”

Hasemi zaidi ya hapo, wala hana haja. Mbao haipitishi joto upesi kuelekea mguuni jinsi jiwe linavyopitisha, lakini rangi nyeusi hulivuta jua mpaka faida hiyo ikapotea. Sisi ni watu wa kuvua viatu na kutandika mkeka. Sakafu isiyokalika peku imeshindwa kazi yake ya kwanza, na ndiyo maana fundi mwenyewe huivulia viatu siku ya kukabidhi, akaitembea yote polepole, akitafuta kwa nyayo kichwa cha skrubu kilichochomoza.

Kasoro zake zipo. Msaji ni ghali. Majani na maua ya mwembe huziba mianya, na usipoichokoa maji yatasimama. Maembe yakidondoka usiku yanaacha madoa na kuita popo. Baada ya kila masika mtu lazima aingie mvunguni na tochi akague vikombe vya chuma na vitako. Anayetaka kitu cha kujenga na kusahau, vitofali vinamfaa zaidi.

Lakini mjini ubaridi umekuwa bidhaa ya kununuliwa kwa uniti za umeme, chumba kimoja kimoja, madirisha yamefungwa. Seremala huyu anautoa bure kwenye mteremko, mti na saa za siku, vitu ambavyo mwenye kiwanja alikuwa navyo tangu siku ya kwanza na akaambiwa ni tatizo. Bado tunamlipa kwa mita ya mraba, sawa na mtandaza vitofali, na tukipunguza bei tunaanza na muda wake wa kusimama na kuangalia, ambao ndio sehemu ya ufundi isiyofidiwa na kitu kingine.

Kwa hiyo ukipata mteremko, kabla ya kuulizana bei na fundi muulize jambo moja: mwezi wa Oktoba, saa tisa alasiri, kivuli kitakuwa wapi? Akianza kukuonyesha picha kwenye simu, mshukuru na umuage. Akinyamaza kidogo, akautazama mwembe, kisha akatembea mpaka mahali fulani na kuchimbia kisigino chake, mpe kazi.