Sanamu ya Mahishmati na Mawe ya Pujini

Filamu ya Kitelugu iitwayo Baahubali: The Beginning ilitoka mwaka 2015, na sehemu yake ya pili ikafuata mwaka 2017. Mwongozaji wake ni S. S. Rajamouli, na kisa kilibuniwa na baba yake, Vijayendra Prasad. Katika Unguja na Pemba filamu za Bara Hindi si ngeni. Vizazi kadhaa vimekwisha kuzililia, na tuni zake zimeingia katika taarabu hata baadhi ya waimbaji wamesahau zilikotoka. Lakini nyingi katika hizo zilikuwa za lugha ya Kihindi, nazo zilisimulia habari za mama, mwana na umaskini. Hii yatoka kusini, nayo yasimulia habari za kiti cha enzi.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Wana wa ndugu wawili, Amarendra Baahubali na Bhallaladeva, wanashindania ufalme wa Mahishmati, nchi ya kubuni. Amarendra anauawa kwa hila. Mwanawe mchanga analelewa na watu wanyonge chini ya poromoko kubwa la maji, bila ya kujua asili yake. Akishakuwa kijana anapanda juu na kudai haki. Prabhas anaigiza baba na mwana pia. Hapana jambo hapa ambalo msikilizaji wa hadithi za kale hakupata kulisikia.

Nguvu ya filamu imo katika mandhari moja. Bhallaladeva ameamuru isimamishwe sanamu yake ya dhahabu, ndefu kupita majumba. Watu mamia kwa mamia wanavuta kamba. Sanamu inayumba, yataka kuwaangukia. Hapo mkono wa mgeni unashika kamba, na sanamu inasimama. Watu wanamwona uso, wanakumbuka marehemu, na jina la Baahubali linavuma uwanja mzima mbele ya dhalimu aliyekuja kusifiwa. Mandhari hiyo imetungwa kwa ustadi mkubwa. Lakini yafaa itazamwe mara ya pili, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo mtungaji, yamkini, hakulikusudia: nguvu za shujaa ndizo zilizokamilisha kazi ya dhalimu. Bila ya mkono wake sanamu isingalisimama siku ile. Haivunjiki mpaka mwisho wa sehemu ya pili, na hapo pia mvunjaji ni yeye na vita vyake, siyo wale waliovuta kamba.

Pemba ina kisa chake cha namna hii. Huko Pujini, upande wa mashariki wa kisiwa, kusini ya Chake Chake, yamebaki magofu ya ngome inayonasibishwa na Mkame Ndume. Yasimuliwa kwamba mtawala huyo aliwalazimisha raia zake kuchukua mawe ya ujenzi vichwani, nao wakienda kwa kujikokota kwa matako. Jina lake hufasiriwa kuwa ni la mtu aliyekama ndume, yaani aliyewatoa watu hata kile ambacho maumbile yao hayana. Ni jina lenye hukumu ndani yake, na waliolishika ni wale waliokamwa. Katika masimulizi hayo watu hukumbuka mawe na mkao wa wachukuzi. Hawakumbuki mwana wa mfalme aliyekuja kuwaokoa. Filamu imefanya kinyume: yamkumbuka mwokozi kwa jina, nasaba na wimbo, na wavuta kamba haikumpa hata mmoja wao jina.

Kwa upande wa ng'ombe filamu yastahili sifa. Bhallaladeva aonyesha ushujaa wake kwa kumwangusha fahali kwa mikono mitupu, fahali aliyezaliwa katika kompyuta, naye anatembea kama aliyezaliwa humo. Mpemba aliyezoea mchezo wa ng'ombe, ambamo ng'ombe huchokozwa na kukwepwa kwa zumari na ngoma kisha hurudi zizini mzima, atamwona mwanamume huyo kuwa na nguvu bila ya adabu. Na ndivyo filamu itakavyo aonekane. Baadaye, kabla ya vita, Bhallaladeva anamchinja mnyama wa kafara, na Amarendra anakata kiganja chake mwenyewe na kutoa damu yake badala ya kuua kiumbe kisicho na ulimi. Hakuna hotuba inayofuata, na haikuhitajiwa.

Wema huo hauwafikii maadui. Kabila la Wakalakeya limepakwa weusi, likapewa lugha ya kubuni iliyojaa kelele, na likaachwa bila ya sababu ya kupigana isipokuwa ushenzi. Katika ukumbi wa Afrika picha hiyo haiwezi kupita kimya. Fedha na akili zilizotumika kuunda lugha nzima zingalitosha kuwapa watu hao neno moja la maana.

Lakini jambo zito zaidi ni Kattappa, mtumwa wa kiti cha enzi, aliyeigizwa na Sathyaraj kwa utulivu mzuri sana. Ni hodari wa upanga kuliko wote. Mfanya biashara wa panga, Aslam Khan, anataka kumnunulia uhuru wake. Kattappa anakataa, kwa kuwa wazee wake waliapa kwamba kizazi chao kitautumikia ufalme huo. Filamu yamheshimu kwa jawabu hilo. Hata anapokiri mwishoni kwamba yeye ndiye aliyemwua Amarendra, dhambi haiwekwi juu ya utumwa uliomfanya mkono wa mwingine. Yawekwa juu ya amri.

Katika kisiwa cha mikarafuu kiapo hicho hakina budi kupimwa. Amri ya mwaka 1897 iliondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini ilimtaka mtumwa aende mwenyewe akaombe uhuru wake. Wengi hawakwenda. Masuria walitengwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Aliyebaki shambani kwa bwana wake alikuwa na sababu zinazohesabika: kipande cha ardhi cha kulima muhogo, kibanda, mtu wa kumtetea, na hofu ya kukamatwa kama mzururaji. Kubaki kwake kulikuwa ni hesabu ya mtu aliyebanwa. Rajamouli ameichukua hesabu hiyo akaigeuza kuwa uaminifu, akaupamba kwa muziki wa M. M. Keeravani, hata mtazamaji akaona haya kuuliza Kattappa alipata nini.

Kattappa anapomtambua mwana wa Amarendra, anapiga magoti na kuuweka mguu wa kijana huyo juu ya kichwa chake. Kamera inasimama hapo kwa muda mrefu, ikimtazama kijana.