Wati 3000 kwenye karatasi: tupime ampli kwa umeme wa Kasungami

Wengi humu mnaulizana kila juma: ninunue kaske gani, ampli gani, bafle gani? Majibu yanakuja mengi, na karibu yote yanaanzia kwenye wati. Mimi naona tunaanza pabaya.

Kamata sanduku moja la bafle za bei ya chini zinazouzishwa mjini. Mbele wameandika kwa herufi kubwa: wati 3000 PMPO. Geuza kifaa, soma kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Kama kule kumeandikwa wati 60, basi hesabu imeisha. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 3000 za muziki, hata mukikesha kukiombea. PMPO ni namba ya kilele cha kipindi kifupi sana, tena kila mtengenezaji anaihesabu vile anavyotaka. Haina kipimo, ni tangazo.

Hoja yangu ni moja: kwetu ampli nzuri haiko ile ya namba kubwa, wala ile ya bei kubwa. Ni ile ambayo namba zake mtu mwingine anaweza kuzipima akapata zilezile, na ambayo inakubali umeme ule tuko nao. Nataka kuipima hoja hii juu ya ampli moja ya kaske yenye sifa nyingi huko Ulaya na Marekani: Objective2, wapenzi wanaiita O2.

Kwanza hesabu kidogo, maana bila hesabu tutadanganywa tena. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme "sasa sauti imekuwa mara mbili", unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa tukamate kaske inayojulikana, Sennheiser HD 600, ya omu 300. Ukiipa volti 1, inatoa desibeli 97. Piga hesabu: volti 1 juu ya omu 300 ni kama miliwati 3 na kidogo. Miliwati, haiko wati! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ukisikiliza kwa wastani huo, na vilele vya muziki vikapanda desibeli 20 juu yake, unahitaji volti 1.4, karibu miliwati 7. Basi.

Njo maana simu yenye tundu zuri la kaske, au kile kiadapta kidogo cha USB-C kinachotoa karibu volti 1, kinawatosha wengi wetu. Anayehitaji ampli ya pembeni ni yule mwenye kaske ngumu kusukuma: omu nyingi, au zile za sumaku bapa zinazokunywa umeme. Kabla ya kuuliza "ampli gani?", uliza "kaske yangu inataka volti ngapi?"

Sasa O2. Mwaka 2011 mtu mmoja aliyejiita NwAvGuy, hakuna aliyejua jina lake la kweli, aliweka hadharani mchoro mzima wa ampli ya kaske: kila kipande, kila kipimo, na sababu ya kila uamuzi. Alikuwa amechoka na watu wanaouzisha ampli za bei ya pikipiki kwa maneno matamu kama "sauti ya joto" na "hewa kati ya ala", bila kipimo hata kimoja. Akasema: hii hapa, vipande vyake ni vya kawaida, pimeni wenyewe. Mwaka uliofuata akanyamaza kabisa, mpaka leo.

Kama kazi ya ufundi, mchoro ule unastahili heshima. Kinzani ya kutokea ni karibu nusu omu tu. Maana yake nini? Ampli yenye omu 10 au 20 kwenye tundu lake inaweza kubadilisha sauti ya kaske nyepesi ya omu 16: besi inavimba hapa, sauti za juu zinazama pale, na wewe unadhani ni kaske mbaya. O2 haileti tabia hiyo. Tena ina betri mbili za volti 9, na saketi ya ulinzi: betri moja ikichoka, inakata pande zote mbili pamoja, ili kaske isipate umeme wa moja kwa moja ikaungua. Kwa mtu wa Kasungami anayejua umeme kuondoka katikati ya wimbo, ampli ya betri ni neno la furaha.

Lakini tusiishie kupiga makofi. Nina malalamiko matatu, na yote yanaonekana vizuri ukiwa hapa kuliko ukiwa London.

La kwanza: njia yake ya kula umeme. Ukiacha betri, O2 haitaki chaja ya simu, haitaki pawabanki, haitaki pano ya jua. Inataka transfoma ya ukutani inayotoa umeme wa AC, volti 12 mpaka 20. Kwa yule ambaye SNEL inamhudumia saa 24, sawa. Lakini sisi tumepanga maisha kuzunguka USB: taa, simu, redio, vyote vinachajiwa mahali pamoja umeme ukirudi. Ampli "ya kila mtu" inayokataa chanzo cha umeme cha watu wengi, haiko ya kila mtu.

La pili: kuongeza sauti kunafanyika kabla ya kitufe cha volyumu. Mchoro wa kawaida una ngazi mbili, mara 2.5 na mara 6.5. Ukiingiza volti 2, ambazo vifaa vingi vya mezani vinatoa, na ukaacha ngazi ya juu, ampli inatakiwa kutoa volti 13. Haiziwezi. Mawimbi yanakatwa vichwa, na kupunguza volyumu hakusaidii kitu, maana uharibifu umekwisha fanyika huko mbele. Mbunifu alikuwa na sababu: mpangilio ule unapunguza makelele ya kitufe. Lakini anayenunua bila kusoma atasikia mukwaruzo na atalaumu wimbo.

La tatu njo linaniuma zaidi. Mchoro uko wazi, lakini leseni yake inakataza kusambaza mchoro uliobadilishwa. Unaweza kuitengeneza, unaweza hata kuiuzisha, ila vile ilivyo. Sasa mwanafunzi wa Polytechnique pa UNILU akitaka kuurekebisha ule mchoro ule umeme wa USB na kuutoa kwa wenzake, aombe ruhusa kwa nani? Mwenye mali hana jina na hasemi tena. Mtu aliyepigania ukweli ametuachia kitabu ambacho tunaweza kukisoma na kukinakili, lakini hatuwezi kukisahihisha.

Hapo kuna mlango lakini. Leseni inalinda mchoro wake, haizuii mtu kuelewa kanuni. Chu Moy alionyesha toka miaka ya 1990 kwamba ampli ya kaske inaweza kuwa na vipande vichache tu na kuingia ndani ya mkebe wa peremende. Anayeelewa kwa nini kinzani ya kutokea iwe ndogo, anaweza kuchora yake toka mwanzo, ikianzia kwenye volti 5 za USB. Kazi ngumu itakuwa kusafisha ule umeme ukishapandishwa. Ningependa kuona TFE moja juu ya jambo hilo, na vipimo vyake vyote mezani.

Tukiongelea vipimo, niseme pia juu ya nyaya, maana sisi ni watu wa shaba. Kuna nyaya za bafle zinazouzishwa mamia ya dola kwa sababu ni "shaba isiyo na oksijeni". Shaba ya kawaida ya umeme na ile ya sifa zinapishana karibu asilimia 1 katika kupitisha umeme. Kamata waya wa mita 3 wa milimita mraba 2.5: kwenda na kurudi ni omu 0.04 hivi. Asilimia 1 ya hiyo ni omu 0.0004, mbele ya bafle ya omu 8. Mtoto wa Lubumbashi, aliyekua akitazama terril ya Gécamines, kuuziwa hadithi ya shaba na mtu wa mbali? Hapana, bandugu.

Wengine watanijibu: Konono N°1 je? Kundi lile la Kinshasa la Mawangu Mingiedi lilitengeneza mikrofoni kwa sumaku za vipande vya magari ya zamani, likapitisha likembe kwenye spika za tarumbeta. Albamu yao Congotronics ya 2004 ilizunguka dunia kwa ajili ya ule mukwaruzo. Si ushahidi kwamba ampli mbaya ni nzuri? Naona kinyume. Mukwaruzo wa Konono ni ala yao, wameuchagua na kuutunza. Ampli yako ikiongeza wa kwake, unasikia fujo mbili na hujui ipi ni ya Mingiedi. Ampli safi haifanyi muziki kuwa safi. Inaacha uchafu wa msanii ubaki wa msanii.

Jaribu pia upande mwingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, Likasi ya leo: gitaa moja na sauti moja. Sikiliza "Masanga" kwa bafle ya wati 3000 za karatasi yenye besi iliyovimba, halafu kwa kaske ya kawaida iliyo sawa. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha pili kinajibu juu. Kama kwa kifaa chako unasikia mlio mmoja tu badala ya ile mazungumzo, kifaa ndicho kinasema uongo. Jaribio hili ni la bure, na wimbo ni wa kwetu.

Kwa hiyo mwenye feza kidogo atumie hivi: sehemu kubwa kwenye kaske, kisha kwenye kulinda vifaa na umeme unaorudi kwa kishindo, ampli iwe ya mwisho, nyaya zile za kawaida. Na anayeuzisha akikutajia wati, mwombe akugeuzie kifaa usome nyuma.