Mnara, Ngalawa na Leya Isiyoonekana

Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, Zanzibar, ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya jengo alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Anayetaka kuonyesha kwenye skrini Forodhani, eneo la ufukweni lililo mbele ya jengo hilo, kama ilivyokuwa kabla ya siku hiyo hana budi kuichora: roshani, nguzo, uso wa saa, akrabu zake, na baharini mbele yake ngalawa inayopita. Michoro ikishaingizwa kwenye programu kama After Effects, kila kipande huwa leya yake. Kazi ngumu huanzia hapo. Mchoro ulioumiza macho kwa wiki nzima huharibika papo hapo tanga likienda na mlingoti ukabaki nyuma.

Dawa yake ni kuunganisha leya kwa uzazi, uwezo ulioingia After Effects katika toleo la 5, mwaka 2001. Mzazi akisogea, akizunguka au akibadilika ukubwa, mtoto hufuata; mtoto akisogea, mzazi hatikisiki. Mzazi mmoja aweza kuwa na watoto wengi, lakini mtoto hapewi wazazi wawili. Basi kwa kila kipande fundi hujiuliza: hiki kimebebwa na nini?

Saa hulijibu swali hilo vizuri. Akrabu zote mbili zimebebwa na uso wa saa, na uso umebebwa na mnara. Wanaoanza hupenda kuifanya akrabu ndefu iwe mzazi wa ile fupi, wakidhani kwa kuwa zinahusiana ndivyo zinavyobebana. Matokeo yake zote huzunguka kwa kasi moja. Akrabu ya dakika hukata digrii 360 kwa saa, ya saa hukata 30 tu. Uhusiano wa akrabu hizo ni wa hesabu, na huandikwa kwa ekspresheni, yaani fomula inayoendesha leya: mzunguko wa akrabu ya dakika ugawanywe kwa 12. Akitaka saa isomeke kwa majira ya Kiswahili, fundi anaongeza digrii 180 kwenye akrabu fupi, kwani tofauti ya saa sita ni nusu ya mzunguko.

Ngalawa ndiyo inayodai akili zaidi. Ukiitazama Beit al-Ajaib kutoka baharini, mtaa wa Malindi uko kushoto kwako, kwa hiyo chombo kinachoshuka na upepo wa kaskazi hupita kutoka kushoto kwenda kulia. Tanga ni mtoto wa foromali, foromali ni mtoto wa mlingoti, mlingoti na mirengu ni watoto wa mtumbwi. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Lakini chombo kina miendo miwili kwa wakati mmoja: kinasafiri na kinayumba. Ukiipandisha yote miwili juu ya leya ya mtumbwi, siku mwongozaji atakapotaka ngalawa ipite taratibu zaidi, fundi ataanza kuhangaika kutenganisha mwendo wa safari na ule wa mawimbi.

Hapo ndipo inapoingia leya tupu, ambayo mafundi huiita nali. Haionekani kwenye video iliyokamilika. Kazi yake ni kubeba mwendo peke yake. Nali ya kwanza hubeba safari. Ya pili, mtoto wa ya kwanza, hubeba kuyumba, na mtumbwi huwa mtoto wa hiyo ya pili. Nali hutoka na kitovu chake kwenye kona ya juu kushoto, kwa hiyo hicho kitovu lazima kiwekwe pale maji yanapoukata mtumbwi. Kikiachwa juu, ngalawa itabembea kama taa iliyoning'inizwa darini. Na uunganishaji ufanyike kwenye fremu ambayo chombo kimetulia wima, maana programu hushika umbali na pembe za wakati ule ule wa kuunganisha.

Kivuli cha ngalawa majini ndicho kinachomtofautisha fundi makini. Kikiwa mtoto wa nali ya kuyumba, kitazunguka kwa mwelekeo ule ule na chombo, na jicho la mtu wa pwani litakikataa mara moja, hata kama hawezi kusema kwa nini. Kivuli kinafuata safari tu. Kiunganishwe na nali ya kwanza, kisha mzunguko wake uandikiwe ekspresheni ya kinyume cha mzunguko wa nali ya pili.

Kuna mipaka. Mzazi akinyooshwa upande mmoja tu, mtoto aliyezungushwa hupinda umbo. Wala uwazi haurithiwi: nali ikififishwa, ngalawa hubaki ilivyo. Anayetaka chombo kififie magharibi inapoingia hukusanya vipande vyake vyote ndani ya komposisheni moja, kisha hufifisha hiyo komposisheni.