Koma, Sifuri na Mbitini Mbili

Chukua wadi 40 za kaunti ya Kitui na 30 za kaunti ya Makueni, uipe kila siku ya kila wadi mstari wake wa mvua, kuanzia 1981 hadi mwisho wa 2020. Utapata faili ya maandishi yenye mistari 1,022,700. Kasi ya kuiingiza katika hifadhidata huamuliwa na umbo la amri kabla ya kuamuliwa na nguvu za kompyuta.

INSERT ya mstari mmoja mmoja hutaja upya jedwali, hutaja upya safu, hufunga muamala, kisha husubiri diski ithibitishe. Mara milioni moja! COPY ya PostgreSQL imejengwa vingine:

COPY mvua_ghafi FROM STDIN CSV HEADER

Maneno sita, na ndani yake hamna kipimo hata kimoja cha mvua. Inataja pa kuweka, pa kupokelea na kanuni ya kusoma, basi. Data inamiminika nyuma yake katika muamala mmoja. Faharasa zijengwe baadaye, mara moja.

Ni amri kali. Koma moja ya ziada katika mstari wowote, na mzigo wote unakataliwa. Naupenda ukali huo, kwa sababu unatulazimisha kuisoma faili yenyewe. Majina kama Kwavonza/Yatta na Nzaui/Kilili/Kalamba yanatosha kumkataza mtu kutenganisha safu kwa mkwaju. Tena, Mbitini moja iko Kitui Rural, na nyingine iko Makueni. Bila msimbo wa kaunti, 015 au 017, mvua ya sehemu mbili itajumlishwa kama ya sehemu moja. Misimbo hiyo ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo safu ya namba itameza sifuri ya mbele.

Palipo na uzito zaidi ni pale pasipoandikwa kitu. Tuseme mstari unasomeka hivi:

017,Mbitini,2016-11-04,

Baada ya koma ya mwisho hakuna kitu, na COPY inapasoma kama NULL. Kungekuwa na 0, siku hiyo ingekuwa kavu. Mstari huu ulivyo unasema tu kwamba kipimo hakikupatikana. Anayejaza 0 kila penye pengo ili faili ipendeze anabuni ukame, tena katika mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa ndengu na mbaazi huku.

Hata NULL iliyoingia salama yaweza kupotosha. SUM huiruka kimya, na jumla ya msimu hutoka ndogo kana kwamba mbingu zilifunga. Kwa hiyo jumla ya milimita isitolewe peke yake. Kando yake iwekwe COUNT ya safu ileile, ambayo huhesabu siku zilizopimwa tu, ili msomaji aone kama msimu una siku zake zote 92, au una 62 na Novemba nzima haimo.